Kiwiko cha Louis

Asubuhi ile Vahwere alikuwa na nia moja tu kichwani: kufanya usafi. Si wa ufagio, maana huo alikwisha kuumaliza kabla ya chai. Alitaka kusafisha kompyuta ya mumewe. Studio yao ndogo ya picha, pale mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, Kongo, karibu na soko, ilikuwa na kompyuta moja iliyojaa hadi ikawa inapumua kwa shida. Mteja akija kupigwa picha ya pasipoti, mashine inaganda. Na wateja wa siku hizi, nawaambia, hawana subira hata ya kumeza mate. Wanasonya, wanavuka barabara, wanaingia kwa jirani.

Félicien mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni ya meza, blanketi magotini. Kiharusi kilimwangusha mbele ya kanisa, kamera ikiwa bado shingoni, na tangu hapo upande wa kuume haukusikia tena amri yake, na ulimi ukafungwa. Mtu aliyekuwa akiwachekesha maharusi wa Bunia hadi wakaonyesha magego, leo alibaki na macho na mkono wa kushoto. Hata chakula alikuwa anakikataa. Vahwere alimlisha uji kwa kubembeleza, kijiko kimoja anakubali, cha pili anageuza uso. Lakini alikuwa hai. Kila alipomfunga vifungo vya shati, Vahwere alimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sauti, bila haya.

Binti yao Sandrine, aliyekuwa anasomea mambo ya kompyuta chuoni, ndiye aliyeweka ile programu ya kupanga picha. Zamani hapakuwa na programu. Programu ilikuwa kichwa cha Félicien. Ukimwambia "ile ndoa ya binti wa fundi cherehani wa Mudzipela," anakwenda moja kwa moja anaitoa. Kichwa kilipofungwa, picha zote zikabaki namba tupu. Hata tarehe zake zilikuwa za uongo, kwa sababu betri ya kamera ile kila ilipokufa, kamera ilirudi kusema leo ni Mwaka Mpya. Basi mama na mtoto wakaanza kuzigawa katika makundi: Ndoa, Ubatizo, Komunyo, Matanga, Shule. Na ndani ya Ndoa, Vahwere, ambaye aliuza vikwembe, vile vitenge vyenye majina, sokoni Butembo kabla ya kuolewa, akaongeza vikundi vyake mwenyewe: Kikwembe cha Tausi, Kikwembe cha Mafeni, Kikwembe cha Majani ya Mahindi. Sandrine alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, batu banapanga foto na jina na mwaka!"

"Mwaka, nani anakumbuka? Weye uliza mwanamuke yeyote wa hapa alifunga kikwembe gani kwa ndoa ya shemeji yake. Uone kama atakosa."

Sandrine akamuuliza mteja wa kwanza aliyeingia, na mama yule hakukosa, tena aliongeza na jina la fundi aliyeharibu mikono ya blauzi. Basi vikwembe vikabaki.

Lilibaki kundi moja gumu. Félicien mwenyewe ndiye aliyelibandika jina zamani: Yatima. Kwenye ndoa alikuwa anampiga picha kila mgeni, na Jumapili baada ya misa watu wanamiminika studio kujichagua kwenye kioo cha kompyuta na kulipia. Zile ambazo hakuna aliyezitaka, za macho yaliyofumba, za shingo iliyogeuka, za mtu anapiga mwayo, hizo ndizo yatima. Hakutupa hata moja. Na sasa yatima hao ndio waliokuwa wamejaza nyumba.

"Hizi utupe zote, mama, mashine ipumue," Sandrine alisema huku anavaa viatu kwenda chuo. "Unazichagua, unazituma mu corbeille, ile pipa yake ya taka, kisha unafuta kabisa."

Vahwere akafanya kama alivyoelekezwa. Akazichagua zote, akazitupa pipani, akaingia pipani kuzifuta kabisa. Mashine ikauliza kwa Kifaransa kama ana hakika, kwa sababu kitakachofutwa hapa hakitarudi. Alikuwa ameinua kidole ajibu, ndipo Félicien alipoanza kupiga meza kwa ngumi ya kushoto. Du! Du! Du! Kikombe kikaruka.

"Ngoja, Papa Sandrine, minakuja. Uko na haja?"

Félicien akapiga tena, macho yamemtoka, machozi yanamlengalenga.

"Pole, pole. Minakupeleka."

Akamwinua kwa nguvu zake zote, akamkokota hadi choo cha uani, akamshikilia, wakangoja. Hakikutoka kitu. Félicien alilia tu, akiegemea ukuta, na Vahwere akadhani analia kwa aibu ya kupelekwa choo na mkewe kama mtoto. Akamfuta uso kwa ncha ya kikwembe chake, akamwambia maneno matamu. Waliporudi walikuta wateja wamesimama mlangoni na kioo kimezimika chenyewe. Kazi ikaanza, mambo ya usafi yakasahaulika. Jioni alipochungulia kundi la Yatima, lilikuwa tupu, jeupe pe, akaridhika kwamba kazi imekwisha. Siku ile Félicien hakufungua kinywa hata kwa kijiko kimoja.

* * *

Jumatano ya wiki iliyofuata akaingia mwanamke mwembamba, ameshika mkono wa binti mdogo wa umri wa kuanza shule. Miguu yao ilikuwa na vumbi hadi magotini. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akabaki amesimama nje ya kizingiti.

"Karibu, mama. Ingia, kiti iko."

"Aksanti. Mi ni Elisabeth. Huyu ni Rebecca, mutoto yangu. Tunatoka kule kambini, kwa wakimbizi wa vita." Akakaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu asiyetaka kukichosha. "Minatafuta foto ya bwana yangu, Louis. Lakini hakulipia foto kwenu. Alikuwa mugeni tu, kwa ndoa ya batu."

"Ndoa ya nani?"

"Ya rafiki yake, walichimba zahabu pamoja kule machimboni Kilo. Lakini ule naye alihamia Kampala, simu haipiti tena." Akacheka kidogo, cheko la kuomba radhi. "Studio ingine waliniuliza tarehe. Nikasema sijue. Kijana akaniambia, mama, hapa hatuuzishe upepo, pisha batu ya kazi. Lakini mulinzi wao alitupatia maji ya kunywa, siye wawili. Mungu amubariki."

Vahwere akasukuma pembeni karatasi zake. "Unaitaka ya nini, mama?"

"Jumamosi tunatoa kilio, tumalize matanga yake. Miaka hii yote hatukupata njia, barabara ilikuwa mubaya. Sasa ndugu zake wanatoka Mahagi, tunashukuru, wamepata namna ya kufika. Na weye unajua, kwa meza kunatakiwa foto na bougie, ile mushumaa, ndugu wapite wamusalimie. Foto zetu zote ziliungua pamoja na nyumba." Akamgusa mtoto kichwani. "Na huyu. Alikuwa kwa mugongo yangu wakati baba yake anakufa. Kila siku ananiuliza, mama, papa alikuwa na sura gani? Minamujibu, kama yako. Basi anaenda kujiangalia ndani ya ndoo ya maji."

Jamani. Vahwere akavuta kibodi karibu.

"Ile siku ulifunga kikwembe gani?"

Uso wa Elisabeth ukafunguka ghafla, utadhani ameitwa kucheza. "Ile ya funguo! Funguo za manjano, chini yake bluu. Louis njo alininunulia, yeye mwenyewe, alipata zahabu ile wiki."

"Aaa! Kikwembe ya Funguo! Iko hapa, mama, iko hapa!"

Akabofya, na ndoa nzima ikatokea: bibi harusi, keki, wazee, kwaya. Na picha chache mbele, meza ndefu ya wageni, na pale mwisho Elisabeth mwenyewe, mashavu yamejaa, anacheka kichwa kimerudi nyuma. Elisabeth wa kwenye kiti alimtazama Elisabeth wa kwenye kioo kama jamaa waliyepotezana naye. Pembeni kabisa, pale picha inapokatika, palionekana kiwiko cha mwanaume, shati jeupe, mkono umekunjwa.

"Njo yeye," akanong'ona. "Ile kiwiko. Mi njo nilikunja ile shati, haikuwa na kifungo."

Rebecca akasogea, akaweka kidole juu ya kioo. "Papa njo mukono?"

Vahwere akafungua picha nyingine, na nyingine. Kiwiko tena. Kisogo nyuma ya chupa za bia. Kiwiko. Kila picha ya meza ile iliyonunuliwa ilinunuliwa na mtu aliyejiona yeye vizuri, na Louis hakujinunua. Maana yake Louis alikuwa katika zile ambazo hazikununuliwa. Na Vahwere alijua zile zimekwenda wapi.

Angeweza kunyamaza. Angesema "pole mama, haiko," na hakuna mtu duniani angemdai. Lakini Félicien alikuwa anamtazama, na Vahwere hakuwahi kudanganya mteja mbele ya macho yale.

"Mama Rebecca, unisamehe. Bwana yako alikuwa hapa. Bwana yangu alimuchunga miaka hii yote, hakumutupa. Mi njo nilimutupa, wiki iliyopita, na hii mikono yangu. Nilitaka mashine iende mbio."

Elisabeth hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikitazama kile kiwiko, kisha akashika mkono wa Vahwere, akaupapasa kama anamliwaza yeye.

"Usilie, mama. Moto ulikula zote. Weye angalau umenipatia mukono. Basi unitolee hii. Tutaweka mukono kwa meza, ndugu zake watamutambua."

Kisha akatoa kwenye kikapu samaki wawili wakavu waliofungwa katika jani. Dada yake alimletea kutoka Kasenyi, alisema, na yeye hana kingine cha kulipa. Vahwere alitaka kukataa. Alipoona macho ya mwenzake akajua kumkatalia itakuwa kumfukuza, akapokea kwa mikono miwili. Akachapa kile kiwiko, kikubwa, karatasi nzima, na aibu ikamchoma tangu mashine inaanza kukitoa hadi mama na mtoto walipopotea sokoni, Rebecca amekishika kifuani.

* * *

Sandrine aliporudi kutoka chuo alimkuta mama yake analia mbele ya samaki.

"Nani amekufa?"

"Mi njo nimeua," Vahwere akasema, akamsimulia yote, na alipofika kwenye ndoo ya maji sauti ikamkatika.

Sandrine alisikiliza hadi mwisho. Uso wake nao ulikuwa umesinyaa, kwa sababu shauri la kutupa lilitoka kwake. Halafu akauliza, "Mama, ile swali ya mwisho uliijibu nini?"

"Swali gani?"

"Mashine inaulizaka kama uko hakika."

Vahwere akakumbuka kidole chake hewani. Akakumbuka ngumi, kikombe, choo. "Sikujibu. Papa yako alikuwa na haja."

Sandrine akarukia kiti. Akafungua pipa la takataka la mashine, na tazama, yatima wote walikuwamo humo, wamelundikana, macho yamefumba, shingo zimegeuka, hakuna aliyepotea.

"Ziko! Mama, ziko zote!"

Vahwere akamgeukia mumewe polepole. Félicien alikuwa anamtazama kama mtu aliyebisha hodi tangu asubuhi na sasa ndipo anafunguliwa.

"Ile siku, ulikuwa na haja?" Vahwere akauliza.

Félicien akapiga meza mara mbili, macho yakikataa.

"Ulikuwa unanikataza?"

Akapiga mara moja, akafumba macho kukubali.

Vahwere akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwake, na kilichomtoka kilikuwa kilio na kicheko vimechanganyika. "Na mi nikakupeleka choo! Papa Sandrine, unanikataza, na mi ninakupeleka choo!" Na mabega ya Félicien yakaanza kutikisika. Sandrine alishtuka, akadhani ugonjwa umerudi. Kumbe baba yake alikuwa anacheka, kwa nusu ya mdomo, cheko la kwanza tangu aanguke. Wakacheka wote watatu hadi jirani akachungulia kuuliza kuna nini.

Lakini kuzitoa pipani ilikuwa kazi ndogo. Zilirudi zimevurugika, ndoa hii imechanganyika na ubatizo ule, na zote eti zimepigwa siku ya Mwaka Mpya.

"Tutamutafuta Louis wapi mu hii pori?" Sandrine akashika kiuno. "Na hatujue sura yake."

Vahwere alivuta kiti cha mumewe hadi mbele ya kioo, karibu kabisa, pale alipozoea kukaa zamani. "Mwenye foto iko hapa. Papa Sandrine, kama ni ndiyo, gonga moja. Kama ni hapana, gonga mbili."

Alhamisi nzima walifanya kazi hiyo. Sandrine anafungua picha, Vahwere anataja kikwembe, Félicien anagonga. Hii ni ya ndoa ya Tausi? Moja. Hii nayo? Mbili, na jicho kali juu, kama zamani alipokuwa anamkemea anayegusa lenzi kwa vidole. Kichwa hakikuwa kimefungwa hata kidogo. Kilikuwa kimekosa mlango tu. Mteja mmoja mwenye haraka zake, aliyeingia akilalamika, alivutwa na mambo yale akakaa chini kutazama, na akamwona shangazi yake marehemu anapiga chafya kwenye Kikwembe cha Mafeni. Akaondoka na picha ile akiwaombea baraka ukoo mzima. Na saa sita mchana Félicien mwenyewe alielekeza kidole kwenye bakuli la uji. Mtu wa kazi husikia njaa. Alikula hadi akakwangua, na Vahwere akageukia ukutani ili asionekane anavyotabasamu.

Ijumaa asubuhi zikaanza kutokea funguo za manjano. Meza ndefu. Chupa za bia. Félicien akainua mkono kabla Sandrine hajauliza, akaushusha juu ya meza mara moja, kwa nguvu.

Shati jeupe, mkono umekunjwa. Na juu ya shati, mwishowe, uso.

"Ee Mungu wangu," Vahwere akasema. "Sasa minaelewa juu ya nini hakuna mutu aliilipia."

* * *

Elisabeth alikuja mbio, Rebecca nyuma yake amebeba kiwiko kimekunjwa kwa uangalifu ndani ya gazeti. Katekista wa kambini, ambaye namba yake Elisabeth aliiacha studio, ndiye aliyepokea simu, na habari ilimfikia Elisabeth akiwa anafua, mikono bado ina sabuni. Alisimama mbele ya kioo.

Louis alikuwa anakula. Shavu moja limevimba kwa nyama ya kuku, mchuzi unang'aa kidevuni, kipande kingine tayari mkononi, na macho yamegeukia kamera kwa mshangao wa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa na masikio makubwa, na pengo la meno lilionekana pale mdomo ulipokosa kufungika.

Rebecca akakunjua karatasi yake, akaiweka karibu na kioo, akalinganisha. "Njo ile mukono," akathibitisha. Kisha akatazama uso, akatazama sana, na polepole akajaza hewa shavu lake moja hadi likavimba kama lile la kwenye picha. Akajigusa masikio. Hakuuliza tena sura ya baba yake.

Elisabeth alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyenye sabuni.

"Mama," Sandrine akasema taratibu, "musiwe na wasiwasi juu ya hii kinywa. Nilisha tayarisha ingine." Akafungua picha ya pili, aliyoihangaikia kwenye kompyuta tangu Louis aonekane, jinsi wanavyofanyiwa marehemu wote wa heshima mjini. Humo Louis alikuwa amefunga mdomo. Amevaa suti nyeusi na tai, na nyuma yake maji yanaporomoka kutoka mlimani kati ya maua. "Munaona? Hivi ndugu zake watafurahi. Hakuna mutu atacheka kwa matanga."

Elisabeth aliitazama ile ya suti. "Aksanti, mutoto yangu. Umefanya kazi, na iko muzuri sana." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini apana. Urudishe ile ingine."

"Ile anatafuna?"

"Ile." Akavuta pumzi. "Wakati tulikimbia, tulikaa porini bila kula. Kidogo tulipata, alinipatia mi, juu nilikuwa minanyonyesha huyu. Alikuwa anasema ye hana njaa. Kila siku vile, hana njaa, mpaka homa ikamubeba. Na tangu ile siku, nikifunga macho, njo minamuona vile, mudomo mukavu. Nilisahau kabisa kama kuna siku alishibaka."

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile shavu lililojaa.

"Na kumbe iko. Muliichunga. Aksanti, papa. Aksanti, mama. Ndugu zake wakitaka kucheka, wacheke. Musifunge kinywa yake. Mumuache akule."

Sandrine alimgeukia mama yake, na Vahwere akamgeukia mumewe, kama walivyofanya kila mara palipokuwa na neno la kuamuliwa katika nyumba ile.

Félicien akagonga meza mara moja.